Tumefunga, Karibuni Nyote

Jumatatu, 8 Desemba

Leo historia imeandikwa mtaani, na mwandishi ni mimi! Mkahawa wetu umeanza. Wetu — yaani mpishi ni Kitinda, dada yangu mdogo wa mwisho, na mimi ni kila kitu kingine: meneja, mhudumu, mlinzi, sura ya biashara. Bango nimelitunga mwenyewe. Fundi wa mabango alitaka kunipa maneno yake ya kila siku. Nikamwambia tulia bwana, unaongea na mtu aliyezunguka dunia. Nikamwandikia kwa mkono wangu: TUMEFUNGA! KARIBUNI NYOTE! Nyekundu juu ya manjano. Linaonekana toka kule kwenye bembea za watoto.

Na msimu ndio huu. Taa zimevutwa kutoka ghorofa hadi ghorofa, kila duka na muziki wake, watu wanatembea na mifuko mpaka kwenye viwiko. Mtu mwenye mifuko ni mtu mwenye njaa. Hilo nimelithibitisha katika kila bandari niliyoshuka.

Wateja leo: hakuna. Siku ya kwanza, kawaida.

Jumanne, 9 Desemba

Wanalipiga picha bango! Wanasimama, wanasoma, wanacheka, simu juu. Wengine wanajipiga selfi chini yake. Nikamwambia Kitinda, unaona kipaji? Akasema, ndiyo kaka, naona. Macho hakuyatoa kwenye vitunguu.

Lakini kuingia — hawaingii. Mama mmoja alichungulia, mifuko imemzidi. Samahani baba, mnafanya usafi tu? Nikamjibu kwa kifua: Usafi ndio sifa yetu, mama! Akasema hongereni, akaenda zake. Nimebaki na kitambaa mkononi.

Tumekula wenyewe. Wali, samaki, mchuzi mzito. Kwenye meli zote nilizopanda sijaonja mchuzi kama ule. (Sawa, nilikuwa naosha masufuria. Kwani pua ina cheo?)

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekasirika. Jirani yetu, yule wa viti vya plastiki, kajaza mpaka nje. Sisi tuna vitambaa vya meza! Nikatoka barabarani kuita watu. Mzee na mkewe wakasimama. Nikasema karibuni ndani, wazazi wangu. Mzee akatazama juu, akanitazama mimi, akasema hapana mwanangu, hatutaki kuwasumbua, pumzikeni. Mkewe akaongeza: poleni sana.

Pole ya nini? Adabu ya watu wa siku hizi imezidi, inaua biashara.

Kitinda kapunguza mapishi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, anakula nani? Kisha akaanza kuimba chini chini huku anasugua sufuria. Ajabu. Mkahawa mtupu, mpishi anaimba.

Ndivyo alivyokuwa kule jikoni hospitalini. Masufuria kama mapipa, yeye na wenzake wanapokezana nyimbo, mvuke mpaka darini. Nilikuwa napita pale kwa ajili ya sahani ya bure, sikatai. Na mimi ndiye niliyemtoa. Nikamwambia, na mkono huo, utazeeka unawapikia wagonjwa uji? Akiba yangu ya baharini yote nikaileta hapa, kwa ajili yake. Aliniangalia, akasema: ukiona hivyo, kaka. Nikajua ni furaha imemkaba.

Jumamosi, 13 Desemba

Aibu! Ardhi ipasuke niingie!

Muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, yule anayeniita Kapteni, kaja asubuhi. Anauliza tunafungua lini.

— Tulishafungua! Huoni bango?

— Naliona. Wewe umelisoma?

— Nimelitunga!

— Basi nisomee. Polepole, kama darasa la kwanza.

Nikasoma. Tu-me-fu-nga. Nikarudia. Jamaa kakalia maboksi yake, machozi yanamtoka kwa kicheko. Kapteni, wiki nzima mnafunga huku mnakaribisha! Mimi nikajua mmefunga kula!

Herufi moja. U! Nimerudi ukurasa wa Jumatatu — hata humu nimeandika vilevile! Shule niliiacha mapema, nilikuwa na haraka ya kuiona dunia. Nilidhani tuliachana kwa amani.

Nikamkimbilia Kitinda. Anamenya viazi.

— Unajua bango limeandikwaje?

— Najua.

— Tangu lini?

— Tangu unalitundika. Si mimi niliyekushikia ngazi?

— Sasa mbona hukusema!

Akamaliza kiazi chote kwanza.

— Ulikuwa umefurahi sana, kaka.

Nimeazima rangi nyekundu, inafanana na ile. Nimerudi na brashi, naitafuta ngazi. Kitinda akasema, acha kwanza. Kesho.

Jumapili, 14 Desemba

Sijapanda ngazi. Hapakuwa na pa kuisimamisha!

Watu! Zile picha zimetembea kwenye simu za mji mzima. Wamekuja kuuona mkahawa uliofunga na kukaribisha. Wakaingia wanacheka, wakakaa wanacheka, wakaonja — kimya. Kitinda kawanyamazisha kwa mwiko. Bwana mmoja mwenye tumbo alisimama akapiga makofi, kijiko bado kiko mdomoni. Wa nje wananipigia kelele: Kapteni, mmefunga au mmefungua? Na mimi: Tumefunga midomo ya wenzenu kwa wali, subirini zamu! Nilikuwa moto. Muuza viatu kala mpaka akaifuta sahani kwa kidole, akaniambia, Kapteni, usirudi shule, utatufilisi.

Mtaa ulikuwa mzuri leo. Bembea zinazunguka, watoto wanapiga mayowe, taa zimewaka kabla jua halijazama. Nikawaza, haya ndiyo maisha niliyokuwa nayatafuta huko majini.

Nikaingia jikoni nimbebe mpishi wangu juu juu. Kakaa kwenye kreti, mikono imelala mapajani kama si yake. Hata kwenye msiba wa mama sikumwona hivi. Tumeshinda, Kitinda! Akasema, nimeona.

Halafu akasema, sauti ndogo, bosi wa kule jikoni hospitalini kampigia. Nafasi yake bado hajampa mtu. Anataka jibu kesho, ndiyo au hapana.

— Ukamwambiaje?

— Nilitaka kumwambia narudi. Nilikuwa nangoja hapa pajifunge penyewe, taratibu. Usije ukaona nimekukataa.

— Na bango?

— Bango lilinisemea, kaka. Nililisoma nikapumua.

Nilicheka. Hakikuwa kicheko, ni ile hewa inayotoka tu.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeamka nimemkasirikia. Nimefua vitambaa vya meza nimemkasirikia. Nimevianika, nimemkasirikia. Kwenye kibanio cha mwisho hasira ikaniishia, ikabaki aibu.

Mimi huyu! Nimekula na watu wa lugha ambazo majina yake tu yananivunja ulimi. Najisifu kwamba mtu nikimwona anavyoshika uma najua mama yake alimleaje. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, sijui kumsoma. Herufi moja, sawa, shule ilinishinda. Lakini "ukiona hivyo, kaka" ni sentensi nzima. Aliisema mbele yangu, mchana kweupe. Nilikuwa nasikiliza nini? Nilikuwa najisikiliza.

Nitafute mpishi mwingine? Watu wamefuata mkono wake. Nimwombe amalize msimu tu? Hospitali haingoji msimu. Nimwambie nenda? Nitabaki na meza, taa na vitambaa safi. Kuosha sufuria najua. Cha kuweka ndani ya sufuria sijui.

Na mtu akiniuliza mbele ya watu, yuko wapi dada yako mpishi — nitasemaje? Unaona? Hata sasa nawaza nitakavyoonekana.

Ni adhuhuri. Naandika kwenye kaunta, mlango nimeurudishia. Foleni imefika kwa muuza viatu, naye anawapimisha viatu humohumo, tapeli mkubwa. Kitinda yuko jikoni. Jiko hajaliwasha. Aproni kaikunja vizuri, simu iko juu yake. Nimemwambia, amua wewe, mama, chochote sawa. Akanijibu bila hasira:

— Mimi nilishaamua, kaka. Ninachongoja ni wewe useme.

Nje wameanza na makofi, kama uwanjani. Kapteni! Mmefunga au mmefungua? Kapteni! Wanataka mzaha wao. Ninao mwingi, umejaa mdomoni, naweza kuwachekesha mpaka Krismasi ya mwaka kesho. Wanapiga makofi tena. Kiti kimesogea jikoni. Kitinda katoka, kasimama mlangoni. Haniangalii machoni. Anauangalia mdomo wangu.