Tangazo Kutoka Chumba cha Nyuma

6 Februari

Abiria wangu wa pekee,

Naanza kwa salamu, kama inavyopasa kituo chochote kinachojiheshimu. Mimi ni mzima. Kidonda cha koo kimefunga, na daktari anasema naweza kupitisha chochote hapo isipokuwa maneno. Nawe hujambo? Mgongo umepoa, au bado unabeba magunia ya unga kana kwamba hicho kiwanda cha mikate ni cha baba yako?

Umeniuliza kwa nini nakuandikia barua wakati ujumbe wa simu upo. Nitakujibu kwa utulivu. Maisha yangu yote ya kazi nilisimama mbele ya kipaza sauti cha stesheni, nikiwaambia watu treni gani inaingia, inatoka wapi na inakwenda wapi. Nimezoea sentensi inayoondoka kwa wakati na kufika mwisho wa safari yake. Ujumbe wa simu hushusha abiria njiani. Na kwa kuwa upasuaji umeondoka na sauti yangu, kalamu ndiyo iliyobaki zamuni.

Tangazo la leo ni hili: chumba chako cha nyuma kimepata reli. Usishtuke. Kitanda chako nimekiegemeza ukutani, kinapumzika. Mahali pake pana meza, na juu ya meza kuna njia ya reli, daraja, mabehewa manne na stesheni ya mbao nyembamba niliyoikata kwa mkono wangu. Nimejiunga na kikundi cha watu wanaotengeneza reli ndogo. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno mstaafu, na ukimwona anavyopaka rangi dirisha dogo kuliko punje ya mchele, utatamani akung'oe jino. Mwishoni mwa Juni tutafanya maonyesho, kila mmoja na stesheni yake.

Reli na mabehewa nimeuziwa na mwanachama aliyehama. Taa, nyaya na vidude vyote vya umeme natafuta hapa hapa mjini, katika ule mtaa wa mafundi redio nyuma ya soko. Nilikwenda na karatasi iliyoandikwa, "Sina sauti, lakini nasikia vizuri." Muuza nyaya alipoisoma akanipigia kelele kana kwamba nimesimama ng'ambo ya mto. Jirani yake akaanza kuninong'oneza. Wa tatu ni fundi wanayemwita Sikio, kwa sababu huinamia redio mbovu, akaisikiliza, akajua inaumwa wapi. Yeye aliisoma karatasi yangu, akatoa kalamu sikioni, akaniandikia: "Karibu mama. Taa za rangi gani?"

Tukaandikiana hivyo mpaka nikapata taa zote na rezista zake, vile vidude vya kupunguza umeme. Mwandiko wake unapendeza mno. Sikuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba nasikia.

Mama yako

27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikajikuta nashika begi na kutafuta jukwaa. Mimi sijambo. Mgongo umetulia, maana wamenihamishia kwenye tanuri. Unga anabeba mwingine na mimi nabeba joto. Koo lako naliombea kila siku. Je, unalala vizuri? Au unalala kwenye handaki la treni?

Picha ya stesheni yako uliyonitumia nimewaonyesha wenzangu. Mmoja akauliza, "Huyu ni mama yako au injinia?" Nikamjibu, "Ni mama yangu. Uinjinia ni wa mchana, jioni anarudi kuwa mama." Akasema mama yake yeye anafuma vitambaa tu. Nimejivuna hadi mikate ikaungua kidogo.

Ila nakuonea huruma kuzunguka juani kutafuta kidude kimoja kimoja. Nimeona mtandaoni kuna seti kamili ya kuagiza: taa, swichi, na stesheni inayotangaza yenyewe treni inapoingia. Sauti ni ya mwanamke wa huko kwao, sielewi anasema nini, lakini ni safi kama kioo. Sema neno moja tu niagize. Samahani. Andika neno moja tu.

Kitanda changu kisalimie.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu mwenye joto,

Amani iwe nawe na tanuri lako. Huku afya ni njema, usingizi upo, na handaki halijameza mtu. Mwenzako anayebeba unga naye mpe pole yangu.

Seti ya kuagiza, nakataa kwa heshima zote. Kitu cha kuagizwa hufika kimekaa kimya ndani ya boksi, nawe unakipenda kabla hujakijua. Hapa kwetu kitu hujaribiwa mezani mbele ya macho yako. Fundi Sikio hakupi taa mpaka aiguse na betri iwake. Ikikataa huitupa kwenye kopo, akachukua nyingine, na hata uso haubadiliki. Katika miaka yangu ya utumishi sijaona ofisi yenye utaratibu mzuri kama meza ile yenye makovu ya risasi ya kulehemu.

Hebu nikuonyeshe wanavyofikiri. Nilitaka swichi ya kuhisi treni inapopita, kwa maana unajua sheria yangu: sikutangaza kamwe treni ambayo haijaonekana. Sikio akaniandikia, "Nenda kwa wanaofunga ving'ora vya milango." Nikaenda. Kumbe kwenye mlango wenye king'ora huwekwa swichi ya sumaku. Mlango ukisogea, swichi inajua. Sasa sumaku iko chini ya kichwa cha treni na swichi iko kati ya reli, na treni yangu haiwezi kuingia stesheni kwa siri. Umeme tunaupata kwenye chaja ya kompyuta iliyokufa. Spika imetoka kwenye simu ya mezani. Bodi ya kutoa sauti, ile inayosoma kadi ndogo ya kumbukumbu, Sikio ameing'oa kwenye kipaza sauti cha mchuuzi.

Siku ya kuijaribu nilibeba stesheni hadi mtaani. Treni ikatoka darajani kwa adabu, ikapita juu ya swichi, na stesheni yangu ikatangaza, "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni, wanakufa wakicheka!" Kadi ya mchuuzi ilikuwa bado ndani. Mtaa mzima ulisimama. Nilicheka, mwanangu, kicheko kisicho na mlio, mpaka Sikio akanivutia kiti.

Alipomaliza kunipa maji akaandika swali lililo halali kabisa: "Mama, tuweke sauti gani?"

Hapo ndipo nakuomba jambo, nami naliomba nikiwa nimekaa vizuri. Nimekwenda stesheni kuulizia kama walihifadhi tangazo langu hata moja. Hawana. Siku zote nilizungumza moja kwa moja, na hakuna aliyefikiri kurekodi kitu ambacho kesho asubuhi kitakuwepo. Nami sikufikiri. Je, wewe unayo sauti yangu mahali popote? Sherehe, video ya mtu, chochote ninachosema kwa sekunde chache? Ningependa kuisikia stesheni hii ikitangaza kwa sauti yake yenyewe. Kama huna, usihangaike, niambie tu.

Mama yako

2 Mei

Mwanangu,

Salamu, na natumaini ukimya wako ni wa kazi wala si wa ugonjwa. Ujumbe wako wa simu unasema "niko salama, nakuja kwa barua", na hiyo barua naona imechelewa kuingia jukwaani. Mimi niko vizuri.

Nimelifikiria ombi langu la Machi, nimeona lilikuwa mzigo. Mtu hapaswi kumtuma mtoto wake akatafute kitu ambacho mwenyewe alikuwa nacho maisha yake yote asikitunze. Kwa hiyo nalifuta rasmi. Sikio amependekeza mtangazaji wa redio aliye mteja wake, dada mwenye sauti ya kupendeza, na yuko tayari kutusomea. Nimemwandikia Sikio kwamba nitafikiri. Akaandika, "Fikiri, mama, bodi haiozi." Nikikosa yote, nitaweka kengele. Kengele nayo ni lugha ya stesheni.

Usiumie kichwa kwa ajili yangu. Stesheni yangu ina paa, taa na saa ukutani. Wapo waliostaafu na pungufu ya hapo.

Mama

20 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo sana, na nisamehe. Mimi ni mzima, sikuumwa, sikukasirika. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana safari hii kaa.

Ulipoandika ile ya Machi nilijua papo hapo kitu ulichokuwa unakitafuta kiko wapi. Kiko kwenye simu yangu ya kwanza, ile ya vitufe. Wiki niliyohamia huku ulinipigia nikiwa kazini, simu ikakuomba uache ujumbe, ukauacha. Niliuhifadhi. Kila nilipojionea huruma nilikuwa nausikiliza. Halafu simu ikafa, nikaiweka kwenye soksi, na ulipofanyiwa upasuaji sikuthubutu hata kuitazama. Nikikuambia ninayo, kisha isiwake, ningekuwa nimekunyang'anya sauti mara ya pili. Ndiyo maana nilinyamaza.

Nilitaka kuagiza betri mtandaoni. Hazitengenezwi tena. Basi nikafanya ulivyofanya wewe: nikaenda kwa miguu. Kumbe huku nako kuna mtaa wao, nyuma ya kituo cha mabasi, na nimeishi hapa miaka yote hii bila kuujua. Wa kwanza alisema simu ile inafaa kuzuia mlango. Wa pili ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akaishika, akauliza, "Huyu ni marehemu?"

"Simu au mwenye sauti?" nikamuuliza.

"Simu, baba. Mwenye sauti tutamfikia."

Tundu la chaji lilikuwa limeoza. Akaniambia nisubiri mpaka apate nyingine ya aina ile kwenye mzigo wa simu mbovu. Nilikuwa napita kila nikitoka zamu, hadi wakaanza kuniita Mzee wa Soksi. Juzi akashika nyaya mbili, akailisha simu umeme moja kwa moja bila betri, na kioo kikawaka. Akasema, "Sikiliza haraka, sijui kama itavumilia." Nikasikiliza. Naye akasikiliza. Kisha akavua miwani zote mbili, akainakili sauti ile.

Nimeiweka kwenye kadi ndogo, ndani ya karatasi ya kuokea, uiangalie ndani ya bahasha hii. Nakuonya, si tangazo la treni. Ni wewe tu. Usipoipenda weka kengele.

Siku hizi nakuheshimu zaidi ya zamani, na hata zamani nilikuwa nakuheshimu.

Mwanao

1 Julai

Abiria wangu,

Afya ni njema kupita kiasi. Yako nitaiuliza baadaye, utaona jinsi.

Maonyesho yamepita. Watu walikuja wengi, na daktari wetu wa meno aliwaongoza kutoka meza moja hadi nyingine kama mkuu wa itifaki. Stesheni yake ina mawingu yanayosogea, na nilisimama mbele yake nikiwa na wivu wa heshima kabisa. Walipofika kwangu nikawasha umeme. Treni ikatoka darajani, ikapita juu ya swichi ya mlango, na mimi nikakunja mikono kama nilivyokuwa nikifanya baada ya kubonyeza kipaza sauti.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa lililo kubwa lilitokea kabla.

Kadi yako ilipofika sikuijaribu nyumbani. Utaratibu ni utaratibu. Kitu hujaribiwa mezani kwa fundi. Nikabeba stesheni na treni hadi kwake, naye Sikio akaichomeka kadi. Tangu Februari, mwanangu, mimi na yeye hatujazungumza ila kwa kalamu. Ana daftari zima la maneno yangu na hajapata kunisikia. Akaisukuma treni kwa kidole, na kutoka kwenye spika ya simu ya mezani nikatoka mimi, nikiwa mzima, nina haraka, nina hasira ya mapenzi:

"Tangazo, tangazo. Kijana aliyeondoka kwa treni ya asubuhi bila kumaliza kuaga, mama yake anamtafuta. Umekula? Nauliza, umekula? Usiniambie umekunywa chai."

Nilikuwa nimesahau kwamba maneno yangu yalikuwa na miguu ya haraka namna ile. Nikashika ukingo wa meza. Nikamtazama Sikio, nikitazamia achukue kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni na hakuigusa. Alikuwa ameiinamia stesheni yangu kama anavyoinamia redio mbovu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikasikia sauti yake, nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Bado, mama," akasema.

Nikaenda kumnunulia chakula. Nilipomwandikia kumuuliza kama akate maneno ya mwisho yabaki yale ya tangazo, akajibu, tena kwa mdomo, "Hapo sioni cha kukata."

Kwa hiyo mwishoni mwa Juni, mbele ya umati, stesheni yangu iliwauliza wote kama wamekula. Kisha kizee kimoja nyuma kikasema, "Nimekula." Mwingine, "Mimi chai tu," akachekwa. Mwenyekiti akaniomba treni ipite tena, na tena, na kila ilipopita kuna aliyejibu. Wewe unajua nilivyokuwa nikitangaza bila kuona uso wa mtu hata mmoja. Sasa nimeziona nyuso zao.

Treni iko chumba cha nyuma. Inapita kila jioni, stesheni inauliza, na hakuna wa kujibu isipokuwa kitanda kilichoegemea ukutani.

Mama yako

9 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimekata tiketi ya treni ya Ijumaa. Kilaze kitanda.

Sijala.

Mwanao