Gambuti za Baba Zimefika Westlands

Kwa kumkumbuka Norman Mungai, mwanzilishi wa Bima ya Paa, aliyetutoka mwaka 2005

Mwaka umezunguka tangu utuache, Baba, na leo hatuanzi na machozi. Tuna habari! Kampuni yako haikuuzwa!

Mimi Ciru ndiye ninayeandika, kwa sababu dada yangu Nyakio hana nafasi, na Mama bado anacheka.

Ulianzia Kabiria, juu ya duka la dawa, na wateja wako wa kwanza walikuwa mafundi na wenye vibanda. Watu walikuambia bima ni ya wenye magari. Ulicheka tu, ukawamiminia chai ya tangawizi. Ulimsikiliza kila mtu hadi mwisho, hata sisi watoto tulipokukatiza ukila.

Sheria yako ilikuwa moja: hakuna mkubwa wa kutia sahihi, kulipa au kukataa, kabla hajasimama mahali hasara ilipotokea. "Karatasi haina harufu ya moshi," ulikuwa ukisema. Hata mlipohamia ghorofani Westlands, gambuti zako ndefu za mpira zilikaa chini ya meza, na mvua ikinyesha ulizivaa na suti. Tulikuonea aibu sana, Baba, na tulikupenda sana.

Ulipoondoka, Nyakio akashikilia kiti chako kwa muda, na kampuni kubwa ikaja kutaka kuinunua Paa. Sharti lao lilikuwa madai yaamuliwe ofisini, safari za matope ziishe. Mama alikosa usingizi. Wakurugenzi nusu walitaka kuuza, nusu wakakataa, ikabaki kura ya rafiki yako Mutiso. Kila tulipomuuliza, alisema bado anaomba Mungu amwonyeshe.

Siku ya kikao Nyakio alichelewa. Wahome, mkurugenzi aliyetaka sana kuuza, alikuwa ameshashika kalamu. Mara mlango ukafunguka, dada akaingia amevaa gambuti zako, amezijaza magazeti zisimtoke, matope hadi magotini!

"Poleni jamani, nimetoka Kabiria. Maji imeingia kwa fundi wa makochi, imeharibu kila kitu."

"Na lazima uende wewe mwenyewe?" Wahome akauliza. "Si kuna wafanyakazi?"

"Si mimi ndio naweka sahihi?"

Mutiso akazitazama alama za matope kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chako. "Hata hii kapeti inajua Mungai amerudi," akasema. "Sasa huyo fundi, tunamlipa?"

"Nimesimama hapo, mzee. Tunalipa."

"Basi mimi siuzi!"

Mama alipopigiwa simu alipiga vigelegele hadi majirani wa Kilimani wakatoka kwenye roshani kuuliza nani anaolewa. Siku hiyohiyo Nyakio alichaguliwa kuwa mkuu wa kampuni, si wa muda tena. Na utacheka, Baba: Wahome naye amejinunulia gambuti. Bado zinang'aa, lakini mvua zinakuja.

Zako zimerudi chini ya meza yako. Mama amekataa zioshwe.

Tunaokukumbuka ni mke wako Wamucii, watoto wako Nyakio, Ciru na Mwaura, rafiki yako Mutiso, na mafundi wote wa Kabiria.

Kila mvua ikinyesha, Baba, tutakukumbuka.