Zinia Ulizozingoja, Mama Hermína

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile Jumanne ya tarehe 31 Julai ulipotutoka. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea, na nyumba bado ni kubwa mno kwetu.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Uliwashonea nguo nusu ya kijiji, na mteja asiyekuja kupima kwa wakati ulimfuata hadi mlangoni mwa kanisa. Lakini mtu akifiwa, ulikesha ukimshonea nguo nyeusi, na alipouliza bei ulimfukuza.

Bustanini ndiko ulikokuwa mbishi zaidi. Wenzako walianza kupanda maua, zinia zikiwemo, mwezi wa Aprili. Wewe ulingoja hadi sikukuu za watakatifu watatu wa baridi zipite, na ya Mtakatifu Sofia nyuma yao, tarehe 15 Mei, maana siku hizo ndipo baridi ya mwisho huja kuua miche. Jirani yetu Agnesa alikucheka kutoka upande wake wa uzio: "Hermína, bado tu? Au mwaka huu unapandia Krismasi?"

"Wahi wewe, shoga yangu," ulimjibu. "Baridi ya Sofia ikikupitia, utakuja hapahapa kuniomba mbegu."

Na alikuja, karibu kila mwaka. Ulimpa huku unamsema.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, daktari alimwita binti yako Vilma pembeni akamwambia huenda usifike Agosti. Wewe mwenyewe ulishajua. Uliomba jambo moja tu, uzione zinia zako mara moja tena. Mtu alipokuletea pakiti ya maua yanayochanua mwaka wa pili, uliitupa chini. "Ya mwakani nitayafanyia nini mimi? Nipandieni ya mwaka huuhuu!"

Ukarudishwa hospitali. Vilma akaingiwa na hofu, akazimwaga mbegu zote ardhini tarehe 24 Aprili. Baba akamwambia, "Mwanangu, mama yako angekuona angekuchapa."

"Sofia ana muda, Baba. Mama hana."

Zilichipua vizuri. Usiku wa tarehe 13 Mei ardhi iliganda, na asubuhi miche yote ilikuwa imelala, myeusi. Vilma alikuficha kwa karibu wiki mbili. Kila ulipouliza, alisema zinaendelea. Mwishowe alishindwa, akakuambia huku analia, na hukumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha.

"Droo ya chini ya cherehani," ulisema. "Kuna kiberiti. Nilijua ipo siku mtafanya haraka."

Ndani yake mlikuwa na mbegu thelathini hivi. Tulizipanda siku ileile, tarehe 27 Mei. Zingepandwa mara tu Sofia alipopita, kama ulivyofanya siku zote, zingekuwahi. Ni siku kumi na mbili, Mama. Vilma amezihesabu mwaka mzima, na hakuna neno letu linalomtuliza.

Julai tulikurudisha nyumbani. Hukuweza tena kuinua kichwa ukaona dirishani. Siku ya mwisho uliuliza, "Zimefunguka?"

Zilikuwa na vitumba vya kijani tu. Vilma akasema, "Zimefunguka, Mama. Nyekundu tupu."

"Basi nifungulie dirisha."

Akalifungua. Ulifumba macho, ukavuta pumzi ndefu, ukatabasamu. "Ahsante, mwanangu. Zinanukia kweli."

Zinia hazinukii, Mama. Ulizipanda miaka arobaini, ulilijua hilo kuliko sisi sote. Ulijua mwanao anakudanganya, ukaupokea uongo wake ili asibaki na aibu. Alitoka nje akakaa chini kwenye matuta, akalia mpaka Baba akamfuata.

Uliondoka jioni ile. Tulikuzika Ijumaa. Ua la kwanza lilifunguka Jumamosi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii, saa nne asubuhi, katika kanisa la kijiji. Unakumbukwa na mumeo Ondrej, binti yako Vilma na mkweo Dušan, dada yako Terézia, majirani na wote uliowavisha.

Kukusahau hatuwezi, Mama, wala hatutaki.