Shingo Haijasamehe Bado

Salha mjukuu wangu,

Hapa Sib sote wazima, ila babu yako na goti lake. Umeuliza: umegongwa gari kwa nyuma, ukamwambia dereva huna neno, sasa shingo haigeuki. Ni aibu kudai?

Nilikuwa kigoli, tumehamia huku kutoka Unguja juzi tu, gari ikatugonga kwa nyuma pale Matrah. Jioni wazee wa dereva wakaja kuomba radhi, tukawapa kahawa, wakaviweka vikombe chini bila kunywa. Mama akawahimiza, "Kunyweni, hamna neno!" Wakanywa, wakashukuru, wakaondoka. Hatukujua kuwa hapa mgeni mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe. Kwa kuwaambia wanywe, Mama kesha kusamehe!

Siku ya tatu shingo ikakakamaa, vidole vikafa ganzi. Nikenda kwao. Nikaletewa kahawa, nikaiweka chini.

"Mama kasamehe gari," nikasema. "Shingo yangu haijasamehe bado."

Mzee wao akacheka, akanipeleka hospitali mwenyewe, na gharama zote juu yake.

Nenda kwa daktari aandike kila kinachouma, kisha dai. Mie kahawa yao niliinywa, tena vikombe vitatu, siku nilipoweza kuinua shingo.

Bibi yako akupendaye