Uzi mwekundu wa lile tuta

Shoga, acha unachofanya usome hapa.

Si unazijua Jumamosi zangu na shangazi, tunatembelea bustani za mjini halafu tunakula mgahawa wa jirani? Leo bustani ilikuwa juu ya paa la mgahawa wenyewe.

Huko juu kulikuwa na tuta la mchicha limezungushiwa uzi mwekundu. Mimi na picha zangu! Nikaona uzi unaniharibia, nikaufungua, nikajifunga mkononi kama bangili.

Tukashuka kula. Mpishi akapanda kuchuma, akatuletea mchicha wa moto. Shangazi akafagia sahani, mimi bado nachagua picha ya kukutumia wewe.

Mara mtunza bustani huyo, mbio: "Nani kachuma lile tuta? Nimelipulizia dawa ya wadudu asubuhi! Uzi mwekundu si maana yake usiguse?"

Mpishi akaapa: "Haki ya Mungu, hapakuwa na uzi!"

Hapakuwa na uzi, shoga. Hapakuwa na uzi!

Sasa tuko hospitali. Shangazi anatapika, na katikati ya kutapika anamwambia daktari: "Mpishi yule ni mzembe. Mwanangu huyu ni shahidi, muulize."

Daktari ananitazama. Mkono nimeuficha mfukoni.