Jina la Mama Kwenye Ukuta wa Mtaa wa Ghala

Nyumba Na. 9,
Mtaa wa Ghala,
Tarrando,
Australia Kusini.

14 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Kelvin,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako jipya limeacha kukusumbua. Wifi yangu Moira aliniambia kwenye simu kuwa siku hizi unapanda ngazi bila kuguna. Nimefurahi sana. Yeye mwenyewe hajambo? Baridi ya huko Aberdeen imeshaanza kuwauma? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo kama unavyojua husikia yanachotaka tu.

Huku majira ya kuchipua yamefika. Wale ndege magpai wamerudi kwenye mkaratusi wa mbele ya posta na wanavamia vichwa vya watu kama kawaida yao. Jumapili iliyopita walimtoa kofia mchungaji mpya wa kanisa mbele ya waumini wake. Mvua imenyesha kidogo. Mawaridi ya Mama yamechanua pande zote mbili za lango, nami sikuyagusa kwa mkasi mwaka huu.

Sasa nije kwenye jambo lililoniketisha hapa. Utaletewa karatasi. Huenda imekufikia kabla ya barua hii, maana Alwyn Prideaux ana haraka. Usiitie sahihi. Nisome kwanza mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Mwaka huu mji wetu umeanzisha Njia ya Sanaa. Mgeni anapewa ramani pale stesheni ya zamani, anazunguka mji kwa miguu, na kila nyumba iliyojiandikisha inamwonyesha kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mwenyeji. Noelene wa duka la mikate na wenzake wamezivika sweta nguzo zote za benki ya zamani, na moja wameifunga skafu, eti ina mafua. Kwa mzee Trembath kuna kondoo kumi na wawili wa mabati mabovu. Sitaki kusema uongo, mji unapendeza. Mimi nilipewa kituo cha tisa, na agizo la kamati lilikuwa moja: kila nyumba isimulie historia yake.

Basi nami nikaisimulia.

Unavikumbuka vile vibati vya Mama, vilivyokuwa kwenye sanduku la chai juu ya kabati? Kila kimoja kimetobolewa herufi, unakibandika kwenye robota la sufu, unapitisha brashi yenye wino, herufi inabaki. Miaka saba Mama alisimama katika ghala la akina Strang akipiga chapa marobota ya sufu: jina la shamba, daraja la sufu, namba. Kila robota lililotoka Tarrando kwenda bandarini lilipita mkononi mwake, na yote yalibeba jina la Strang. Mwaka 1958 akachoka. Akapiga jina lake, IVY, chini ya robota moja, upande unaolala sakafuni, akidhani hakuna atakayeliona. Bandarini wakalipindua. Barua ikarudi, na Mama akafukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Nikavishusha vibati, nikanunua wino, nikapanda ngazi. Usimwambie Moira, atampigia simu daktari wangu. Ukuta wetu unaotazama barabara kuu sasa una IVY mara mia mbili, safu kwa safu, kutoka dirishani hadi kwenye pipa la maji. Chini kabisa nimepiga mstari mmoja: Ivy Treloar, mpiga chapa wa ghala la Strang, alifukuzwa kwa kuandika jina lake.

Jumamosi ya kwanza watu walisimama kwetu muda mrefu kuliko kwa kondoo wa Trembath, na mzee hajanisamehe mpaka leo. Jumatatu asubuhi Alwyn, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati, akaja na kopo la rangi ya maziwa, ile wanayoiita rangi ya kihistoria.

"Dada Glenys, kazi nzuri sana, sana," akaanza, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ila hii Njia ni ya kuwafurahisha watu. Bi Philippa Strang ndiye aliyetupa ghala la babu yake tufanyie ufunguzi. Amejisikia vibaya."

"Pole yake. Mama naye alijisikia vibaya."

"Lakini hayo ni ya zamani, dada. Waliohusika wote wamekufa."

"Benki ina miaka mia na hamsini na mmeivika sweta. Ya Mama ndiyo yamezeeka?"

Akacheka kidogo, akasogea karibu. "Basi tufanye hivi. Ivy zote zibaki, zinapendeza, kama maua. Tufute ule mstari wa chini tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Ule mstari ndio kituo cha tisa, Alwyn. Hayo mengine ni wino."

Nikaingia jikoni, nikatoka na kiti, nikakaa mbele ya mstari wa Mama. Alwyn akabaki amesimama na kopo lake. Noelene alikuwa anapita na sinia ya skonzi, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "We Alwyn, kopo hilo zito, liweke chini usije ukateguka kiuno! Na ukipaka hapo, huyu nitamkopesha ngazi aje kuandika kwenye ukuta wako!" Akaniachia skonzi mbili. Alwyn hakupewa hata chembe.

Akaondoka, lakini hakuondoka mikono mitupu. Amekumbuka kwamba nyumba hii Mama alituachia sisi wawili. Fomu ya kujiandikisha niliijaza peke yangu, Kelvin. Hapo nilikosea, nakiri. Nilidhani ukuta wa Mama hauhitaji ruhusa ya mtu, na nilipaswa kukupigia simu kabla sijakoroga wino. Sheria ya mji inasema mwenye nyumba mmoja akikataa, maandishi ya ukutani yanafutwa. Karatasi anayokuletea inasema kwamba wewe hukukubali. Anachokosa ni sahihi yako.

Najua tabia yako. Hupendi ugomvi tangu utotoni, ulikuwa ukizozana na mtu unamgawia peremende. Alwyn mlicheza naye kriketi miaka sita, na naamini amekuandikia kwa upole mwingi, akakukumbusha ushindi wenu na kuuliza hali ya goti. Utasema Glenys amezidi. Ndiyo, nimezidi. Nina miaka sabini na nne, nisipozidi sasa nitazidi lini?

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Siku ya pili baada ya Mama kufukuzwa, Strang mzee alituma karatasi iliyokwisha andikwa: kwamba Mama aliharibu mali ya watu, kwamba anaomba radhi, kwamba hatalizungumza tena. Asipotia sahihi, Baba angekosa kazi ya kukata manyoya ya kondoo msimu ule. Baba aliisukuma kalamu mezani mpaka mbele yake. Hakumlazimisha. Alisema tu, "Ivy, watoto." Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, nikaona. Mama akatia sahihi, akainuka, akaendelea kumenya viazi. Mtaa mzima ulijua, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kugonga mlango.

Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho, nilimuuliza kama alijutia kupiga lile jina. Akacheka mpaka akakohoa. "Lile? Lile ningelipiga tena kesho, tena juu ya robota, siyo chini. Ninalojutia ni lile la mezani, Glen. Jina langu lilikuwa zuri mpaka nilipoliweka pale." Kisha akaomba maji. Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na tisa, na yananiuma leo kama siku ile.

Kwa hiyo sikuombi, mdogo wangu, nakwambia. Karatasi ya Alwyn nayo imekwisha andikwa, nayo ina mstari mtupu chini ukingoja jina la mtu wa nyumba hii. Wakikutisha, waambie waje kwangu. Wakikubembeleza, kata simu. Mama alitia sahihi kwa ajili yetu, mimi na wewe, tupate kula. Wewe utatia kwa ajili ya nani?

Nisalimie Moira kwa mapenzi, na binti yenu Isla, na huyo mumewe ambaye jina lake linanishinda kulitamka. Noelene anakusalimu, anasema bado unadaiwa dansi ya harusi yake. Mungu awape afya na nyumba yenye joto, na akupe wewe moyo mgumu, angalau kwa wiki moja hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Glenys