Kuku wa Kwenye Paa Letu la Silanga

Mama,

Paa lako lilienda na upepo. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda kuzungushwa. Mtu akikuja na habari za watoto na habari za mvua ulikuwa unamkata, "Sema kilichokuleta." Basi nimesema. Sasa kaa chini nikueleze mengine, maana bado niko hapa Silanga, Kibera, ndani ya chumba ulichojenga, na sijatoka. Naandika mlango ukiwa wazi. Anayetaka kusoma asome, na Baba Shantel akipita na magunia yake ya makaa, asome hapo pa "sijatoka" mara mbili.

Unakumbuka Kawangware? Nilikuwa mdogo lakini siku ile haijanitoka. Mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa, na wewe ulikuwa umemwambia hutahama kabla ya kupata pengine. Akatuma kateka, yule msimamizi wa ploti, na fundi. Wakapanda juu, wakaanza kung'oa mabati tukiwa ndani, vumbi na masizi yakitumwagikia kichwani. Mimi nilikuwa nalia. Wewe ulifuta masizi kwenye meza, ukawasha jiko, ukaanza kusukuma chapati.

Kateka akachungulia kutoka juu. "Mama, kwani huoni tumetoa paa?"

"Naona. Moshi sasa unatoka vizuri."

Hadi fundi alicheka. Tuliondoka Kawangware, ndiyo, lakini tuliondoka siku uliyotaka wewe, ukiwa umebeba hilo jiko mwenyewe.

Na ulipojenga hapa, uliapa hutalala tena ukiangalia kutu na masizi. Kule mtaa wa Ayany ulikokuwa ukifulia watu nguo walikuwa wamepaka geti rangi ya kijani, ikabaki kwenye mkebe, wakakupa. Ukalaza mabati chini hapa uwanjani, ukayapaka upande wa ndani. Majirani walikuuliza kama una wazimu. Nani hupaka rangi mahali ambapo hakuna mtu anaona? Ukawajibu, "Mungu anaangalia juu. Mimi nitakuwa naangalia chini." Mimi nilikuwa nakushikia mkebe, nikijiona fundi mkubwa.

Halafu kuku wa jirani yetu Mama Zuhura akapita juu ya rangi mbichi. Ai, Mama! Ulimfukuza na brashi ukimtukana kwa Kibukusu, na Mama Zuhura akitoka kwake na buibui lake akipiga kelele kwamba kuku wake ameharibiwa. Mlibishana hadi mkachoka, mkanywa chai. Bati lile ukaligongelea hivyo hivyo juu ya kitanda. Miaka yote nimelala chini ya nyayo za kuku anayetembea kutoka kichwani petu kwenda mlangoni. Ulikuwa ukilala chali unamwonyesha kwa kidole: "Huyu anatoka tu. Hata yeye amechoka na Nairobi." Na mimi nilikuwa nacheka kila mara, kana kwamba sijawahi kuusikia utani huo.

Sasa upepo. Ulikuja mchana, nikiosha vyombo mlangoni. Kwanza niliona magunia ya makaa yanapaa kule upande wa dam, lile bwawa letu, yanazunguka kama watoto kwenye mchezo. Nikasimama kuangalia, mjinga mimi. Mama Zuhura akapiga kelele, "Nekesa, ingia ndani, lala chini!" Nikajitupa chini ya kitanda. Mama, nilisikia misumari ikitoka mmoja mmoja, halafu yote pamoja, halafu mwanga ukaingia hadi chini ya kitanda. Nilipotoka, juu kulikuwa na anga tupu, na mvua ikaanza hapo hapo, bila hata heshima.

Kwenye redio walisema ni kimbunga kidogo, kisulisuli. Kidogo kwao. Kawangware kilipindua vibanda pale stendi ya 56, na ile ploti iliyotutoa, nimeambiwa, imebaki bila paa hata moja. Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo, kisha nikawaonea huruma wapangaji.

Kabla hata sijakausha godoro, mjomba akapiga simu kutoka nyumbani kijijini. "Nekesa, rudi. Nairobi imekukataa. Mkataa kwao mtumwa."

"Huko hakujambo?" nikamuuliza.

Akarudia kwamba nirudi. Nikauliza tena. Ndipo akasema upepo wa wiki hiyo hiyo ulilaza mahindi yote, ukang'oa paa la jikoni kwako, bati moja wakalikuta kwenye mti wa mparachichi.

"Sasa mjomba, nikimbie upepo wa huku nije kwa upepo wa huko?"

Akakohoa. Akasema nimekuwa kama wewe. Sijui kama alitaka kunitukana, lakini nilimshukuru.

Shida yenyewe haikuwa mvua, Mama. Shida ilikuwa Baba Shantel, yule muuza makaa wa chumba cha pili, aliyehamia tukiwa tayari tumekuzika. Unajua sheria ya hapa, ingawa hakuna mahali imeandikwa: ukiacha mahali pako wazi, ukirudi utakuta mlango wa mtu mwingine. Mvua haijaisha vizuri, yeye huyo, amebeba mbao begani.

"Pole sana, Nekesa. Sasa utaenda wapi?"

"Nani amesema naenda?"

"Nyumba bila paa si nyumba, ni kiwanja. Wacha niweke stoo yangu hapa kwa sasa. Enda kanisani na wale wengine waliong'olewa paa, upumzike. Ukirudi tutaongea."

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Na niliogopa pia, sitakudanganya. Kanisani kulikuwa na uji na blanketi kavu, na mimi nilikuwa nimelowa hadi mifupa. Kama ningetoka jioni ile, leo ningekuwa nakuandikia nikiwa mgeni wa mtu. Nikaangalia ndoo ya unga. Kifuniko kilikuwa kimeshika, unga mkavu kabisa. Nikavuta jiko lako, nikaomba moto kwa Mama Zuhura, nikaanza kukanda.

Baba Shantel akasimama na mbao zake. "Sasa unapika? Huoni hakuna paa?"

Sikulitafuta jibu, Mama. Lilikuwa mdomoni tayari. "Naona. Moshi sasa unatoka vizuri."

Mama Zuhura, aliyekuwa mlangoni, aliinama akicheka hadi akashika ukuta. Harufu ya chapati ikaenda ploti nzima, na watu waliokuwa wamesimama wakiangalia hasara zao wakaanza kusogea. Hakuna aliyeombwa msaada. Lakini mtu akishakula chapati yako huku mvua inamnyeshea, hawezi kwenda zake hivi hivi. Wakaenda kutafuta mabati yangu. Na hapo ndipo nilielewa ile rangi yako, maana mabati ya Silanga yote yanafanana, yamelala kwenye matope kila mahali, watu wanang'ang'ania, lakini yako ukiyageuza tu yanajitangaza. "Hii ya kijani si ya mamako?" Yakarudi kutoka kwenye mashamba kando ya dam, kutoka juu ya choo, kutoka mgongoni mwa mzee nisiyemjua. Yote yakarudi isipokuwa moja. La kuku.

Mvua ikawa inaingia pale pale juu ya kitanda.

Asubuhi Mama Zuhura akaenda kununua makaa. Akarudi mbio, mkebe mtupu. "Twende! Twende uone!"

Baba Shantel alikuwa amefunika stoo yake kwa bati haraka haraka, bado ananuka jasho. Kwa nje lilikuwa bati kama bati lingine.

"Mabati ziko nyingi Kibera," akasema. "Yako ina jina?"

"Haina jina. Ina kuku."

"Ina nini?"

"Ingia ndani uangalie juu. Kuna kuku ametembea."

Watu wakaingia kwenye makaa, wakainua shingo. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote. Baba Shantel akasema kuku wako kila mahali, hiyo si ushahidi. Mama Zuhura akajisogeza mbele, mkono kiunoni.

"Huyo ni kuku wangu! Nilimchinja Idi ile, na kucha zake zilikuwa bado za kijani. Unataka nikuitie waliomla?"

Jameni! Baba Shantel mwenyewe alipanda akalishusha. Hakusema samahani na sikungoja. Nililibeba kichwani nikipita katikati ya watu wote, na natamani ungeniona. Natamani sana, Mama. Hapo katikati ya kelele ndipo nilikulilia, jambo ambalo sikuwa nimefanya hata upepo ulipopita.

Nimeligongelea mwenyewe, na safari hii kila bati limefungwa na waya kwenye mbao. Upepo ukija tena uje na koleo. Mama Zuhura alikuwa chini akisukuma na fimbo ya ufagio, mimi juu na nyundo, sioni ndani. Nilipomaliza akaniita, "Nekesa! Umelipindua! Kuku anatembea kinyume!"

Nikashuka, nikalala chali kwenye godoro lako lenye unyevu. Ni kweli. Miaka yote alikuwa anaenda mlangoni. Sasa anatoka mlangoni anakuja kitandani.

Mama Zuhura akauliza kama tuling'oe tulirudishe vile lilikuwa.

Nikamwambia, "Liache. Amerudi nyumbani."

Lala, Mama. Juu kumefungwa.

Binti yako,
mwenye nyumba.